Nina shahada lakini si ya ualimu: naweza kuwa mwalimu wa lugha mwenye cheti?

Swali: Assalamu alaykum mwalimu. Nina umri wa miaka 31, natokea Wete, Pemba, ila kwa sasa naishi Unguja. Nina shahada ya sanaa. Nilisoma Kiswahili na historia, bila masomo ya ualimu. Nawafundisha wageni Kiswahili hapa mjini, mmoja mmoja, na wenyewe wanaridhika, lakini kila nikiomba kazi pahala rasmi naulizwa cheti cha ualimu. Nimeona mtandaoni vyeti vya saa 120 vinauzwa bei rahisi. Jee, inanibidi nirudi chuoni miaka mitatu nikasome shahada ya elimu? Nikitaka kufundisha na Kiingereza nifanye nini? Na kuna wanaoniambia kuwa Kipemba changu kitanikwamisha. Naomba unishauri.

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: hapana, hulazimiki kurudi chuoni miaka mitatu. Shahada unayo. Ulichokikosa ni mafunzo ya ualimu, na mwenye shahada huyasoma hayo peke yake, kwa muda mfupi zaidi.

Lakini kabla hujalipa senti yoyote popote, amua kwanza unataka kumfundisha nani, na wapi. Watu wengi hulipita swali hili mbio mbio, na ndiyo maana nawaona vijana wana vyeti vitatu vinne kwenye bahasha, na wakibisha hodi mahali hakuna hata kimoja kinachokubaliwa. Ualimu wa lugha hauna mamlaka moja duniani inayotoa cheti cha kufaa kila pahala. Skuli ya Serikali ina vigezo vyake, chuo kinachopokea wageni kina vyake, na skuli ya lugha ya nchi nyingine ina vyake.

Tuzitazame skuli zetu kwanza, ingawa sidhani kuwa moyo wako uko huko. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Anayesimamia walimu wa hapa ni Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar. Ukisoma mtandaoni habari za Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, jua kwamba sheria hiyo ni ya Bara, na usije ukapoteza nauli kuifuata Dodoma. Elimu ya juu, kwa upande mwingine, ni ya Muungano, na Baraza la Mitihani pia. Kwa hiyo shahada inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu inatambuliwa huku na huko. Walio na shahada za nje, na hapa Zanzibar tunao wengi waliosoma Sudan, Misri na Saudia na wakarudi wanataka kufundisha Kiarabu, waanzie hapo kwenye Tume kutafuta utambuzi, ndipo wafuate mengine.

Njia ya skuli kwa mtu kama wewe inaitwa Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Hii si shahada mpya. Ni masomo ya ualimu matupu kwa mtu aliyekwisha kusoma fani yake: saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, mbinu za kufundishia somo lako, halafu mazoezi ya kufundisha katika skuli halisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo. Chuo Kikuu Huria wanayo pia, na hao ndio ningekutajia mwanzo kwa sababu wana vituo Unguja na Pemba, na mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi yake. Vyuo vyetu vya hapa, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Sumait kule Chukwani, ulizia mwenyewe kwa msajili ni programu gani zimefunguliwa mwaka huu.

Kitu kimoja cha kuangalia ni nakala yako ya matokeo. Mwenye kutaka kufundisha sekondari hutazamwa alisoma masomo gani yanayofundishwa skuli, na kwa kawaida hutakiwa mawili. Wewe una Kiswahili na historia, umesalimika. Mwenye shahada ya uhasibu au ya mambo ya hoteli, hata akisema Kiingereza kama maji, aulize mapema kabla ya kulipa ada, maana anaweza kumaliza stashahada yake kisha akaambiwa hana somo la kufundishia. Na nafasi za Serikali zikitangazwa, soma tangazo neno kwa neno. Waliotaja sifa wanamaanisha sifa hizo hizo.

Sasa tuje kwenye Kiswahili kwa wageni. Hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo, kwa sababu hapa una mali ambayo wenzako wengi duniani hawana, na naona unaitazama kama kibarua cha kusubiria kazi ya maana.

Zanzibar imefundisha wageni Kiswahili kwa muda mrefu. TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ilianzishwa mwaka 1979 pale Vuga, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani, watafiti, watu wa balozi, wamekaa kwenye madarasa yale. Na soko lenyewe limepanuka. SADC waliipokea lugha yetu kuwa lugha rasmi mwaka 2019, UNESCO wakaitangazia siku yake, tarehe 7 Julai, mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Maazimio hayaajiri mtu, nakubali. Ila kila linapopita, huko nje wanaongezeka wanaouliza: mwalimu yuko wapi, na ana cheti gani?

Kwa upande huu, milango ya kubisha ni mabaraza na chuo. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, huendesha mafunzo ya kuwaandaa walimu wa Kiswahili kwa wageni na lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, ambamo wewe mwenye shahada ya Kiswahili unastahili kuwamo. Hapa nyumbani nenda BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ukaulize mafunzo ya walimu wa wageni yatakuwa lini na masharti yake. Kisha nenda Vuga. Usiende kuomba kazi. Omba uruhusiwe kukaa nyuma ya darasa la wanaoanza, uone mwalimu mzoefu anavyofanya. Ukikubaliwa, hiyo ni faida ambayo huwezi kuinunua.

Maana kufundisha lugha uliyozaliwa nayo ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Mtu hajui kupika biriani kwa kuwa ameila harusini tangu utotoni.

Chukua sentensi ndogo tu: "Juma amekaa." Mwanafunzi wako Mwingereza anamwona Juma barazani na anataka kukuambia hivyo. Anasema, "Juma anakaa," kwa sababu lugha yake inamtuma kuwa jambo lile linaendelea sasa hivi. Wewe sikio lako linakataa papo hapo. Unamwambia, "Sema amekaa." Anakuuliza kwa nini, si jana tu ulimwambia -me- ni ya jambo lililokwisha, na Juma mbona bado yupo pale? Asiyefundishwa ualimu hujibu, "Ndivyo tunavyosema sisi." Au huanza mhadhara wa hali timilifu kwa mtu mwenye maneno mia mbili ya Kiswahili.

Mwalimu aliyeandaliwa anasimama mbele ya darasa na kusema, "Nimesimama." Anavuta kiti, anashuka taratibu: "Ninakaa... ninakaa..." Makalio yakishagusa kiti: "Nimekaa." Hapo anauliza maswali mepesi, ya ndiyo na hapana. Sasa nimesimama? Hapana. Niko kwenye kiti? Ndiyo. Kisha anatoa picha moja moja: mtoto amelala, mzee amevaa kofia, mama ameshika kapu, mvuvi amechoka. Hasemi yeye. Anaonyesha picha na kunyamaza, wanafunzi ndio wanasema. Wanakosea, wanajisahihisha, wanasema tena. Habari ya kwamba "anakaa Wete" maana yake anaishi Wete inangoja siku nyingine, na mwalimu huyo anajua kuwa inangoja, maana ameiandika kwenye andalio la wiki ijayo.

Shahada yako ya Kiswahili imekufundisha kuwa -me- ni kiambishi cha hali. Haikukufundisha kuvuta kile kiti. Na hili ndilo ninalokuomba uliweke mbele unapopima cheti chochote, kiwe cha Kiswahili, Kiingereza au Kiarabu: katika mafunzo hayo, kuna mtu atakayekaa nyuma na daftari akanitazama nikifundisha wanafunzi wa kweli, kisha akaniambia alichokiona? Kama yupo, mafunzo yana thamani hata kama karatasi yenyewe si maarufu. Kama hayupo, unanunua karatasi.

Mtu huyo wa nyuma anaona mambo usiyoweza kuyaona ukiwa mbele. Anakuhesabia dakika ulizosema wewe na dakika walizosema wao, na walimu wengi wapya wanashtuka kukuta theluthi mbili za kipindi ni sauti yao. Anakuonyesha kuwa yule mama wa kona ya kushoto hukumwita hata mara moja. Anakukumbusha kuwa uliuliza "Mmeelewa?", wote wakaitikia "Ndiyo", ukaendelea, ulijuaje kama ni kweli? Hakuna kitabu wala video itakayokuambia hayo, kwa sababu hayahusu ualimu kwa jumla. Yanakuhusu wewe.

Hapo nimekwisha kuanza kujibu swali lako la vyeti vya saa 120. Hakuna aliyemiliki jina la cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni. Kampuni yoyote inaweza kuandaa masomo ya mtandaoni, maswali ya kuchagua jibu, na cheti cha rangi mwisho wake, ikakiita cha kimataifa. Baadhi yana maarifa mazuri, sikatai. Ukiwa huna kitu kabisa utaokota istilahi na mpangilio wa somo. Ila mwajiri makini anayatazama kwa jicho moja, kwa sababu anajua hakuna aliyekuona ukifundisha.

Vyeti viwili vinavyoheshimika karibu kila pahala panapofundishwa Kiingereza ni CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London. Vyote viwili vinakubali mtu asiye na shahada ya elimu. Hata shahada ya fani nyingine si sharti lisilokwepeka. CELTA ni saa 120 na zaidi za mafunzo, pamoja na saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitazamwa, na kazi 4 za kuandika. CertTESOL ni saa 130 au zaidi, nayo ina saa 6 kama hizo. Ukiona tangazo limeandika "saa 120", basi, ujue namba hiyo imetoka wapi, na ujue kuwa zile saa 6 ndizo zilizoachwa nje.

Trinity wana jambo moja ninalolipenda sana. Wanamweka mwanafunzi wao darasani ajifunze lugha asiyoijua hata neno moja, kisha aandike alivyojisikia. Hili unaweza kulifanya mwenyewe bila ya wao. Jiandikishe wiki chache darasa la Kichina au Kituruki, hata la mtandaoni, ukae kule ambako mwanafunzi wako anakaa: mdomo mzito, aibu, maneno yote yanapita kama upepo. Utarudi kwa wageni wako ukiwa na subira nyingine kabisa.

CELTA siku hizi inasomwa hata mtandaoni kikamilifu, na mazoezi ya kufundisha hufanywa kwa video na wanafunzi halisi, kwa hiyo kuishi kisiwani si kikwazo. Vikwazo vya kweli ni viwili. Cha kwanza ni Kiingereza chako. Wanataka kiwango cha C1 au C2 katika vipimo vya Ulaya, yaani uandike na kuzungumza kwa wepesi na makosa yawe machache sana, na watakupa jaribio la maandishi na mahojiano kabla ya kukupokea. Cha pili ni ada. Hutofautiana kituo kwa kituo, na Uingereza huzidi pauni 1,000. Kwa kipato cha hapa hizo ni fedha za kuwazia mara mbili.

Na sitaki nikufiche hali ya soko lenyewe. Mwalimu wa Kiingereza kutoka Tanzania, hata awe hodari vipi, anakutana na nchi zinazochagua pasipoti. Korea ya Kusini, kwa mfano, viza yake ya walimu wa Kiingereza imetengewa raia wa nchi 7 tu, na katika Afrika aliyemo ni Afrika Kusini peke yake. Ni dhuluma kwa walimu wazuri wa kwetu, na naisema hivyo hivyo. Kuna nchi zenye milango mipana zaidi, na hapa kwetu skuli binafsi na hoteli zinahitaji mwalimu wa Kiingereza aliyesomea kazi hiyo. Lakini ukiniuliza uweke wapi fedha zako za mwanzo, nitakwambia Kiswahili. Kwenye Kiingereza utashindana na mamilioni. Kwenye Kiswahili wanaojua kukifundisha kwa njia iliyopangwa ni wachache, na wewe tayari una shahada ya lugha yenyewe na wanafunzi mkononi.

Hili la Kipemba limenigusa, kwa sababu limewavunja moyo wengi wasiostahili. Kiswahili sanifu kiliwekewa msingi wa Kiunguja cha mjini katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati iliyokuja kukisimamia ikaundwa mwaka 1930. Ulikuwa uamuzi wa vitabu na skuli. Haukusema kuwa mtu wa Wete hajui Kiswahili. Darasani fundisha sanifu, maana ndiyo mwanafunzi atakayoikuta kwenye kamusi, kwenye mtihani na kwenye habari. Lafudhi yako iache ilivyo. Mwanafunzi akishafika kiwango cha kati, mletee sauti za Wete, za Makunduchi na za Tumbatu, asikie lugha ilivyo hai. Mwalimu anayeweza kusema "hivi ndivyo sanifu, na hivi ndivyo watu wangu wanavyosema" ana kitu ambacho mwenzake hana. Kitakachokukwamisha ni kutojua lipi ni lipi. Kwa hiyo kaa na kamusi, na panapokutia shaka angalia kabla ya kuingia darasani.

Kwa sasa, usiache wanafunzi wako. Anza kuwaandikia maandalio, hata kama ni mmoja tu kwa saa moja: leo atoke akiweza kusema nini ambacho jana hakukiweza, nitaanzaje, atafanya mazoezi gani, nitajuaje kama ameweza. Weka kila andalio kwenye faili pamoja na tarehe. Waombe wanaomaliza wakuandikie barua fupi inayotaja walianzia wapi na wamefika wapi. Barua ya "ni mwalimu mzuri sana" haimsaidii msomaji. Kwa ruhusa ya mwanafunzi, rekodi kipindi kimoja kwa simu, ukiangalie peke yako, halafu mwonyeshe mwalimu unayemwamini. Na ukiwa na wanafunzi wawili wa kiwango kimoja, wajaribu pamoja. Kufundisha mmoja mmoja ni ufundi tofauti na kufundisha darasa, na kila mwajiri rasmi atakuuliza habari za darasa.

Hilo faili litakufaa BAKIZA, litakufaa kwenye mahojiano, litakufaa hata kwenye majukwaa ya mtandaoni. italki, kwa mfano, huwatenga walimu wenye vyeti na wakufunzi wa kawaida, na mwenye ushahidi wa ualimu ndiye anayeingia kundi la kwanza. Baada ya mafunzo ya mabaraza, ukiona unataka ajira ya kudumu skuli au chuoni, ingia Chuo Kikuu Huria usome ile stashahada ya uzamili huku ukiendelea na kazi. CELTA iwe ya mwisho, na uichukue pale tu ambapo kuna kazi unayoijua kwa jina inayoidai.

Umri wako usikutie hofu. CELTA huweka umri wa chini, wa miaka 18, na haina kikomo cha juu, na nimewaona watu wa miaka hamsini wakisoma stashahada ya uzamili ya elimu. Ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha katika vyuo vya Marekani, ule wa miezi 9, ndio unaotaka vijana wa miaka 21 hadi 29. Huo umekupita. Kama una mdogo wako mwenye shahada aliyeipenda kazi hii, mwambie yeye autazame mapema.